Usisahau Kutoa Mbili

Siku ya kwanza, 2 septemba 2002. Butembo

Masomo imefunguliwa na mvua. Nimerudi nyumbani nimelowana, nikafungua mulango nikiwa tayari kugombeza, na hakuna mutu wa kugombeza. Jemima ameenda jana ku Beni. Donc nitagombeza hii karatasi.

Kanisani banasema: "Mama Agar anafurahi, mutoto ameenda kusoma." Sifurahi hata kidogo. Masomo yetu hapa haina section Math-Physique, ya Beni iko nayo, njo hivyo tu. Gérard, mudogo wa marehemu bwana yangu, mwenye magari ya kahawa kule Beni, alikuja kumutwaa na maneno tamu. Alikaa ku kiti changu akasema: "Mama Jemima, mutoto ni wetu, acha tumusomeshe." Wetu! Na ni kweli, njo ubaya wake. Kwa siye Banande, baba akikufa mutoto ni wa ukoo wa baba. Mama anabakia na kazi ya kupika na ya kulia.

4 septemba

Mvua. Nimefundisha fractions. Hakuna mwenye alielewa, na miye nilikuwa nawaza mambo ingine.

Siku ya posho, 7 septemba

Sijui kwa nini Jumamosi tunaiitaka siku ya posho. Miye mwalimu, posho niliiona mara ya mwisho mbele ya vita.

Nimeshinda asubuhi ku phonie ya kanisa, ile radio ya kusemeshana na batu ya mbali. Barua haitembei, bariyeri ya baasikari ni nyingi sana mu barabara, donc batu ya Butembo na batu ya Beni wanasemeshana paka mu phonie tu. Na tangu baasikari batoe amri yao, mutu hapana kusema yeye mwenyewe. Anasema paka opérateur, na paka mu Kiswahili ao Kifaransa, Kinande hapana. Wetu ni Zorobabel, mutu mwenye anavaa kofia ya sufu mwaka muzima na mwenye hasira yake iko karibu sana. Unakaa ku benchi, unamupa maneno yako, anayapigia kelele mu chombo, kule Beni mwenzake anayapokea.

Niandike vizuri ni maneno gani, kusudi siku moja nisisahau.

Siku mbili mbele ya safari Jemima alikuwa anamenya viazi ku uwanja. Akaniuliza: "Mama, namba premier yenye unajua, ile kubwa kabisa, ni gani?" Nilitwaa kijiti nikaandika mu udongo: 2 147 483 647. Nikamuambia: "Unatwaa mbili, unaizidisha na mbili, tena na mbili, mpaka mbili zifike makumi tatu na moja. Kiisha unatoa moja. Inatoka hii. Hakuna namba yenye inaweza kuigawanya, paka moja, na yeye mwenyewe."

"Nani alisema?"

"Bakubwa ya hesabu, zamani, kule Ulaya."

"Na weye uliona?"

Ah, huyu mutoto! Miye njo nilimufundisha kuuliza hivyo. Nilibakia na kijiti mu mukono.

Basi tukapatana kuiona siye wenyewe. Mwalimu wetu mumoja ku institut kule Bukavu alitufundishaka njia. Unaanza na ine. Ine mara ine, unatoa mbili: kumi na ine. Kumi na ine mara kumi na ine, unatoa mbili: mia moja makumi kenda na ine. Unaenda hivyo, na kila mara hesabu inapopita ile namba yetu kubwa, unaigawanya nayo, unatupa yote, unachunga paka reste, ile yenye imebakia, unaendelea na ile reste. Mara makumi mbili na kenda. Kama reste ya mwisho ni zero, namba ni premier. Kama ni kitu kingine, bakubwa ya Ulaya walitudanganya. Yeye atahesabu Beni, miye Butembo, kila mutu peke yake, mara mbili mu juma. Siku ya posho tunalinganisha mu phonie.

"Hivyo nitajua unakula vizuri," nilimuambia.

"Namba njo itakuambia kama ninakula?"

"Namba njo itaniambia."

14 septemba

Miye 37 634. Jemima ametuma 37 636. Amesahau kutoa mbili! Mutoto wa mwalimu!

"Muambie atoe mbili," nilisema kwa Zorobabel.

"Nitoe mbili wapi, Mama Agar?"

"Si weye. Yeye."

Akakamata chombo: "Beni, Beni! Butembo anasema toa mbili! Toa mbili, à vous!" Kumbe mufanyabiashara mumoja wa kahawa alikuwa anasikiliza, akaingia kati: "Mbili ya nini? Magunia? Magunia mbili ya nani?" Zorobabel alimutukana kwanza, kiisha akaomba musamaha, juu ni phonie ya kanisa. Asubuhi yote mule ni namba tu, kilo za kahawa, makarton ya sabuni, mapipa ya mazuta. Zetu zinapita katikati na hakuna mutu anazitazama. Nimecheka mpaka nyumbani.

28 septemba

Sasa namba ziko na tarakimu kumi, chiffres kumi. Ninafanya kazi siku ya Mungu kiisha ibada, ku meza, mvua ikipiga mabati mpaka siwezi kusikia mawazo yangu. Kuzidisha chiffres kumi na chiffres kumi, kiisha kugawanya, inamaliza mchana yote. Ninafanya preuve par neuf, kuhakikisha hesabu na kenda, kila mstari kama tulivyofundishwa ku primaire.

Jemima, moja sawa, moja imezidi na mbili. Nimemutumia: "Kichwa yako iko wapi?" Amejibu kupitia opérateur wake: "Iko ku Beni." Zorobabel alicheka. Miye hapana. Baadaye, nikiosha sahani, nilicheka.

5 oktoba

Miye 12 692 426. Yeye 12 692 428. Tena! Nimemuambia Zorobabel apige kelele "toa mbili" mara tatu. Sasa batu mu barabara wananiitaka Mama Toa-Mbili. Muuza ndizi ameniambia leo: "Mama Toa-Mbili, twaa tano, ulipe tatu." Nilimutazama mpaka akanyamaza.

8 oktoba

Hakuna chaki.

12 oktoba

Nimengoja kuanzia saa tatu mpaka saa sita. Beni kimya. Zorobabel anasema kule baasikari wamekuwa wengi, komanda mupya amefika na batu yake, wametwaa manyumba ya batu, pengine wametwaa na phonie.

Nimefika nyumbani nikapika ugali ya batu wawili. Sikufanya kusudi. Nimeula yote kwa hasira.

16 oktoba

Batu wanaokimbia mapigano kule upande wa Mambasa wanafika Beni kwa miguu, mingi sana, bamama na batoto mu mugongo. Hapa tunasikia paka habari. Pasteur ametuomba maharagi na nguo. Nimetoa blouse mbili. Ya Jemima sikutoa.

19 oktoba

Namba ine mara moja! Za juma mbili. Nilikaa na karatasi yangu ku magoti, Zorobabel anasoma kile anachosikia, chiffre moja moja, na miye ninafuata na kidole. Sawa. Sawa. Sawa. Sawa. Ine zote, mbili zimetolewa vizuri.

"Anakula," nilisema.

"Nani anakula?" Zorobabel akauliza.

"Fanya kazi yako."

20 oktoba, siku ya Mungu

Nimeimba kanisani kwa sauti mpaka mama mwenye alikuwa mbele yangu akageuka.

26 oktoba

Sawa zote mbili. Na habari kutoka kwa Gérard: "Mutoto iko muzima, anasoma, usikuje, barabara mubaya."

31 oktoba

Nimeenda hata hivyo. Tulipewa congé, mapumziko ya siku mbili, nikasema nitamuona mutoto wangu na macho. Ku bariyeri ya kwanza walinirudisha. Kijana mwenye bunduki, mudogo kwa Jemima, akasema: "Mama, rudia, huko mbele banapiga." Hakukuwa hata sauti ya risasi moja. Nilimuambia ninamufundisha mutu kama weye fractions. Akasema: "Fraction ni nini?" Nikageuka kurudia. Magari yalikuwa yamepangwa pembeni, baasikari wanashusha muzigo, wanagawanya mbele ya wenyewe. Moja tu ilipita bila kushusha hata gunia. Nilitazama jina ku mulango: ya Gérard.

2 novemba

Sawa zote mbili. Dereva wa Gérard ameniletea sabuni, mafuta ya kupikia, na chumvi. Anasema patron amesema mama asikose kitu.

Nilimuhukumu bure, huyu shemeji. Nilimuitaka mukono-ngumu tangu siku ya ndoa yangu. Kumbe mutu anaweza kubadilika. Nimemutumia neno mu phonie: "Wasingya, shemeji. Mungu akubariki." Zorobabel amenikatalia wasingya, juu ni Kinande. Amesema "asante".

9 novemba

Sawa. Sawa. Tangu Beni ilinyamaza ile siku, Jemima hajakosea hata mara moja. Nimewaambia batoto wangu ya darasa ya ine: "Muone mutoto wangu. Alikuwa anasahau kama nyinyi. Nimemugombeza, sasa anafanya kama mashini." Mumoja kule nyuma akasema: "Madame, mashini haipati njaa." Nimemutosha inje. Alikuwa na haki, njo sababu nimemutosha.

13 novemba

Mvua imebomoa choo cha masomo. Hakuna darasa.

16 novemba

Sawa.

Ninaandika kitu kingine leo juu siwezi kukisema kwa mutu. Ninaipenda hii namba. Inchi hii wameigawanya kama nyama ya karamu: hawa wanakamata hapa, wale kule, Baganda walikuja wakakata yao wakaenda nayo. Barabara imegawanywa, muzigo inagawanywa, hata mazungumuzo mu phonie imegawanywa. Na namba yangu iko pale, unaleta tatu, inakatala, unaleta saba, inakatala, unaleta namba yoyote unayotaka, daima kunabakia kitu, haiishi vizuri mu mikono ya mutu yeyote. Ningependa kuwa hivyo. Nilimulea Jemima awe hivyo.

23 novemba

Woga kubwa! Siku ya Mungu yenye imepita nilipata 27 220 594. Chiffres munane tu! Nilisema nimekosea, nikaanza tena tangu mwanzo wa mstari, ikatoka ileile. Juma yote sikulala vizuri. Leo nimemuambia Zorobabel asiseme namba yetu, angoje ya Beni kwanza. Sauti ya kule, ndogo, mu kelele: deux, sept, deux, deux, zéro, cinq, neuf, quatre.

Nilisimama ku benchi nikapiga makofi. Zorobabel naye akapiga, bila kujua ya nini. Mutoto wangu, peke yake, mu muji yenye imejaa baasikari na wakimbizi, amefika pahali pamoja na miye. Hakuna mutu anaweza kubahatisha chiffres munane. Kwa hiyo namba iliniambia: iko muzima, kichwa yake iko ku kazi, anakula.

30 novemba

Sawa. Nimemushonea jupe ya Noeli. Bluu.

7 desemba

Sawa. Pasteur ameniomba niseme ushuhuda siku ya bamama juu ya kulea batoto mu wakati wa vita. Nimekubali. Nitasema juu ya ukali: mama anayegombeza kwa upendo, mutoto ananyooka.

14 desemba, siku ya posho

65 536! Na Beni: 65 536!

Mutu mwenye hajui hesabu ataona ni namba tu. Miye nilianguka ku kiti. Juma kwa juma tulikuwa tunatembea mu matope ya chiffres kumi, hakuna sura, hakuna maana, na rafla inatoka 65 536, namba yenye ninaijua tangu usichana wangu: mbili mara mbili mara mbili, mbili kumi na sita, hakuna kitu kingine ndani. Inatoka safi, kama mutu mwenye amenawa. Na tena inaonyesha mwisho. Zidisha 65 536 na yeye mwenyewe: 4 294 967 296. Toa mbili: 4 294 967 294. Tazama vizuri, ni mara mbili kamili ya namba yetu. Hakuna reste. Zero.

Imebakia hatua moja, na ninajua tayari itatoka nini. Sitaituma. Nimemuachia Jemima aipate mwenyewe, aipigie kelele siku ya posho ijayo, Beni yote isikie.

15 desemba, siku ya Mungu

Kaka yangu Syauswa amekuja kutoka Musienene, kwa miguu, na hasira. Sikuwa nimemaliza hata kumukaribisha.

"Katungu," akasema, jina yangu ya nyumbani, "shemeji yako wa Beni amenitumia mbuzi. Dereva ameifunga ku mulango wangu akaenda. Mbuzi ya nini?"

"Gérard amebadilika siku hizi," nilimuambia. "Miye amenitumia sabuni."

"Sabuni ni sabuni. Miye ninakuuliza mbuzi. Jike, haijazaa, na kamba mupya."

Mukono wangu ulikuwa ku thermos. Niliuacha pale.

Mutu yeyote mwenye amezaliwa huku juu ku milima anajua. Ukoo wa baba hautumii mbuzi kwa mujomba bure. Unamutumia mbuzi mujomba siku moja tu: siku mahari ya mutoto wa dada yake imeliwa. Ni fungu yake. Usipomupa, atasema neno mubaya na tumbo ya binti haitazaa. Gérard anaweza kumudanganya mama, bariyeri, na Mungu, lakini ule mbuzi hakusubutu kuula.

"Umeichinja?" nilimuuliza.

"Bado."

"Usiichinje."

"Katungu, ni Jemima?"

"Kunywa chai," nilimuambia, na hapakuwa chai mu kikombe.

18 desemba

Nimerudi. Ninaandika yote kama ilivyofuatana, kiisha sitaandika tena.

Siku ya kwanza asubuhi nilipanda pikipiki mpaka bariyeri. Kijana yuleyule. "Mama, rudia, banapiga." Sikumujibu juu ya fractions. Nilisema: "Miye ni shemeji wa Gérard wa kahawa, mama ya Jemima."

Uso wake ulibadilika, akaita wenzake mu Lingala, "Bokilo ya commandant!", wakakuja kuniangalia wanacheka, wamoja wakavua kofia. Bokilo ni mukwe. Mama mukwe wa komanda. Walinitafutia gari yenye nafasi mbele, wakamushusha mutu kusudi miye nikae. Kutoka pale mpaka Beni hakuna bariyeri yenye ilinisimamisha. Barabara yote wananisalimia. Nilitamani wanirudishe.

Sikuenda kwanza kwa Gérard. Nilienda ku masomo. Mwalimu wa hesabu wa Jemima ni Ananie, tulisoma naye Bukavu, benchi moja. Alikuwa anafuta tableau. Aliponiona mulangoni akaendelea kufuta pahali palikuwa safi.

"Tangu lini?" nilimuuliza.

"Mwezi ya kumi, collègue. Kati kati. Ile juma phonie ilinyamaza."

"Na namba?"

"Gérard alikuja kuniona. Akasema ukijua utakuja, ukija utapiga kelele, na ule komanda si mutu wa kupigiwa kelele. Akasema pia tension yako itapanda, utakufa. Jemima aliacha karatasi yake mu pupitre, ku meza yake ya darasa. Nilifuata paka pale alifika."

"Kila juma."

"Kila juma, Agar. Niliona ni vizuri kuliko kukunyamazia."

"Haukukosea hata mara moja."

Na yeye, mupumbavu, mutu muzima mwenye mvi, akasema: "Merci."

Niliondoka mbele nifanye kitu ku uso wake. Batoto ya darasa walikuwa wananiangalia. Ku benchi ya Jemima walikuwa wamekaa wawili, wakimbizi nafikiri, hawana uniforme.

Gérard alinipokea ku mulango ya dépôt, mikono wazi. "Mama Jemima! Karibu, karibu! Ungenipasha habari!"

"Nimepata habari. Ilikuwa na pembe mbili."

Akaacha mikono ianguke. Akanivuta ndani, akafunga. Sikukaa. Akasema maneno yake, na lazima niyaandike jinsi aliyasema, juu ninayarudilia mu kichwa na sipati pahali pa kuyavunja:

"Weye ungefanya nini? Komanda alimuona anatoka masomo. Akauliza ni mutoto wa nani. Angeweza kumukamata tu, kama walivyofanya kwa bengine, unajua vizuri, anamuachilia kiisha juma moja na hakuna mutu wa kumuoa tena. Miye nilienda nikasema: huyu ni mutoto wa ukoo, kwetu kunatolewa mbuzi. Akatoa mbuzi, Mama Jemima! Mbele ya bazee! Nimemugeuza jambazi akawa mukwe."

"Na magari yako?"

"Magari yanapita, ndiyo. Nisikatae?" Akaniangalia kwa hasira sasa. "Sabuni uliinawa, ao hapana? Chumvi uliitia mu maharagi?"

Niliinawa. Niliitia. Nilisema asante mu phonie, Zorobabel ni shahidi.

"Unipeleke," nilisema.

Nyumba ni ya mufanyabiashara mwenye alikimbia. Baasikari wawili ku mulango, mumoja akaingia na siye, akakaa ku kiti karibu na dirisha, bunduki ku magoti. Jemima alitoka ku chumba cha nyuma. Pagne mupya, nywele imesukwa na nyuzi. Uso umejaa kidogo. Anakula. Nilikuwa na jupe ya bluu mu sac, sikuitoa.

Alinikumbatia bila kulia. Siye wawili hatukulia, juu ya ule asikari. Nilimunongoneza ku sikio mu Kinande twende. Akanijibu mu Kiswahili, kwa sauti ya kawaida, kusudi asikari asikie:

"Kwenda wapi, mama? Bariyeri zote ni zake." Akanikalisha. "Amesema vita ikiisha nitarudilia masomo."

"Amesema."

"Ndiyo. Amesema."

Tulikaa. Nilimuuliza kama anamupiga, na macho tu. Akatazama ukuta. Nilikunywa Fanta yenye waliniletea. Inje mvua ilianza, ile ya Beni, moto, haisafishi kitu.

Kiisha akauliza pole pole: "Namba ilifika wapi?"

"65 536."

Akafunga macho. Midomo yake ikacheza kama zamani akimenya viazi. Nilimuona, Mungu wangu, nilimuona yeye mwenyewe ndani ya ile pagne ya mutu mwingine. "Mara yenyewe," akasema. "Toa mbili." Akafungua macho. "Ni namba yetu mara mbili. Zero, mama."

"Zero."

"Kumbe ni kweli premier."

"Ni kweli. Tumeiona."

Akacheka kidogo, na miye nikacheka, asikari akageuka kututazama akaona ni bamama wanacheka tu. Kwa muda ule hakukuwa komanda wala Gérard. Kama mutu angenichukua roho pale, ningemuachia.

Kiisha akasogeza chupa yangu ya Fanta pembeni. Akauliza: "Nani alimaliza upande wa Beni?"

"Ananie. Alitwaa karatasi yako."

"Tangu ile juma phonie ilinyamaza?"

"Tangu pale."

"Na alikuwa anasahau kutoa mbili?"

"Hapana."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

Akanitazama. Sikuona hasira ku uso wake, ningependa ningeiona. Aliuliza kama anavyoulizaka tangu utoto, juu anataka kujua.

"Majuma yote yale bila kosa hata moja, mama. Na ulizani ni miye?"

Asikari alikuwa amesimama, anasema komanda anarudi, mama mukwe atoke sasa. Nilikuwa na nafasi ya neno moja, nikamupa la kweli, juu sikupata lingine.

"Nilizani ni weye," nilimuambia. "Nilifurahi sana."